Moyo Mbele ya Goli la Upande wa Msitu

Jumamosi, 3 Machi

Daftari hili dada yangu alinipa siku ya harusi, akaniambia niandike humo mapishi. Mapishi yatasubiri. Leo ni siku ya ishirini na moja tangu niolewe na Håvard, na nisipoandika mahali nitapasuka kwa furaha.

Tunakaa ghorofa ya chini, ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa Tverrlia. Nikisimama kwenye sinki naona goli moja zima, lile la upande wa msitu, limezama kwenye theluji hadi magotini. Mume wangu ndiye mtunza uwanja. Kila alfajiri anaamka, ananibusu shingoni, anavaa buti, halafu namwona dirishani akichoma theluji kwa fimbo ndefu ya chuma kusikiliza kama barafu imegusa nyasi. Nimewahi kuona wanaume wakiwasikiliza wake zao kwa umakini mdogo kuliko ule.

Baba mkwe, Torgeir, alikuja kunywa kahawa. Zamani alikuwa winga wa kushoto wa Tverrlia na hadi leo anakaa kwenye kiti kama anayesubiri kuingizwa. Akaniuliza, "Ulijua kwamba unaolewa mke wa pili?"

"Wa kwanza yuko wapi?"

Akaelekeza kidole dirishani. "Yule pale chini ya theluji. Ana urefu wa mita mia moja na tano. Mwanangu humwamkia kila siku."

"Basi na mimi nitamwamkia," nikasema, "maana yeye ndiye mkubwa."

Håvard alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Baba mkwe hakucheka. Mimi kwake ni "yule wa pwani", kwa sababu nimetoka visiwa vya magharibi, kwetu ambako mvua haikomi na theluji haimalizi siku mbili.

Jumamosi, 10 Machi

Theluji tena. Nimeoka mikate ya mdalasini, imeungua chini. Håvard amekula minne na kusema hajawahi kula kitu kama kile. Naamini.

Jumamosi, 17 Machi

Leo ulikuwa msaragambo wa kufukua uwanja! Hapa asiyekuja kwenye msaragambo hasalimiwi dukani hadi kiangazi, kwa hiyo wote walikuwepo: wachezaji wanaolipwa mshahara, wazazi wa watoto, wazee wenye magongo. Mashine zinaondoa theluji ya juu, na ile ngumu ya chini inanyunyiziwa mchanga mweusi. Cheusi hunywa jua, theluji inayeyuka. Kwetu hatujui mambo haya.

Mwenyekiti wa klabu, Kvam, alipita akitoa amri. Kazi yake ni udaktari wa meno, na anaongea na kila mtu kana kwamba mdomo wako uko wazi na huwezi kujibu. Bibi Gunnvor, ambaye amefua jezi za klabu hii kwa miaka arobaini na sasa anauza wafli, vile vikate vya kuokwa kwenye chuma, kibandani, alinipa ndoo akaniambia, "Chukua eneo la goli la msitu, mwanangu. Ndilo unaloliona jikoni."

Basi nikapata wazo. Ndiyo, mimi na mawazo yangu! Mchanga wangu ulipoisha na watu wengine walipokwenda kula soseji, nikajaza ndoo kwenye pipa la kijivu kando ya ngazi za vyumba vya kubadilishia nguo, mara tatu, nikachora moyo mbele ya goli. Moyo mkubwa, hatua kumi kutoka bega hadi bega! Nikajaza hadi katikati. Nilitaka kesho akiamka kunisaidia kuosha vikombe auone kutoka dirishani.

Ajabu, theluji ilianza kuyeyuka pale pale, mbele ya macho yangu. Nikajisemea, tazama, mapenzi yangu yana moto kuliko jua.

Jumapili, 18 Machi

Theluji ilianguka usiku kucha. Barua yangu imefutwa kabla haijasomwa. Sikumwambia, nitamchorea nyingine.

Jumamosi, 24 Machi

Klabu inatimiza miaka sabini na mitano na baba mkwe anaandika kitabu chake cha historia. Anachapa kwa kidole kimoja, kama anayemtuhumu mtu. Håvard akasema, "Ingunn alijifunza kupiga chapa shuleni." Kwa hiyo sasa kila Jumamosi asubuhi anakuja, anasimama dirishani, anasema, nami ninachapa.

Leo tulikuwa mwaka 1932. Wafanyakazi kumi na moja wa kiwanda cha matofali walianzisha timu wakiwa na mpira mmoja, na mpira wenyewe ulikuwa wa mtoto wa msimamizi. Jezi zilikuwa fulana nyeupe zilizochemshwa na maganda ya vitunguu kwenye sufuria ya kufulia. Ndiyo maana hadi leo Tverrlia wanavaa rangi ile ya njano iliyokaribia kuwa kahawia.

"Ilikuwa nzuri?" nikauliza.

"Andika," akasema. "Usiulize uzuri wa jezi ya klabu yako."

*Klabu yako.* Nadhani ulimi uliteleza, lakini nimeshaiandika hapa na haitoki.

Jumatatu, 9 Aprili

Mechi ya kwanza ya msimu, sare, bila goli hata moja. Uwanja ulikuwa rangi ya mkate. Håvard alitazama miguu ya wachezaji muda wote, mpira hakuuona.

Jumamosi, 28 Aprili

Nyasi zinaota! Kama ndevu za kwanza za kijana, huku kidogo na kule kidogo. Håvard amenipeleka katikati ya uwanja, akanivua viatu na soksi na kuniambia nisimame tu. Baridi ilinipanda hadi masikioni. Nikamwamkia mke mwenza: shikamoo dada. Sijawahi kupendwa hivi.

Jumapili, 6 Mei

Kuna kidonda mbele ya goli la msitu. Kila mahali pamekuwa kijani isipokuwa pale, pana kitu kama kiraka cha ngozi ya ng'ombe. Håvard anasema ni ukungu wa majira ya baridi, utapona.

Jumatano, 16 Mei

Håvard amelala, mimi naandika.

Jioni kulikuwa na mechi, nami nilikuwa kibandani namsaidia bibi Gunnvor. Yeye anamwaga uji wa wafli kwenye chuma, mimi napaka jamu na kuweka jibini la kahawia. Akanyanyua mguu wake akanionyesha buti, ngozi imepasuka nyeupe nyeupe.

"Tazama. Buti za miaka miwili tu. Ni ile chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ile waliyochanganya na mchanga kwenye pipa la kijivu, la ngazini. Ya kuzuia watu wasiteleze. Inaua kila kitu, mwanangu. Ngozi, maua, hata mbwa wa Kvam alivimba nyayo."

Wafli iliungua kwenye chuma. Mashabiki wakapiga makelele, Tverrlia walikuwa wamefunga, na mimi nilisimama na kijiko cha jamu nikitazama goli la msitu na kile kiraka. Kwetu chumvi tunaitupa kwenye ngazi za mlango kwa mkono, nyeupe, kila mtu anaiona. Sikujua kwamba hapa wanaivalisha nguo za mchanga.

Ni mimi. Nimemuua mke mwenza.

Alhamisi, 17 Mei

Sikukuu ya taifa. Bendera, matarumbeta, aiskrimu. Håvard alikuwa amevaa suti ya harusi yetu. Nilitaka kumwambia, akanitazama vile, nikashindwa.

Jumapili, 27 Mei

Baba mkwe alikuja leo badala ya jana. Tumefika mwaka 1949, na heri ningekuwa kiziwi.

"Vita vilipokwisha," alisema, "uwanja ulikuwa shamba la viazi. Watu walikuwa wameula uwanja wao miaka mitano. Usicheke, andika. Masika ya 1949 mbegu za nyasi hazikupatikana popote. Ndipo kila nyumba ya Tverrlia ikakata kipande cha nyasi kwenye bustani yake, mita kwa mita, kikaletwa kwenye msaragambo. Vikapandwa mbele ya magoli mawili. Kwingine nyasi ziliachwa zitambae zenyewe."

Ana orodha! Imeandikwa kwa penseli, nyumba kwa nyumba, sitini na nne. Akanisomea yote, nami nikaichapa yote. Alipofika jina la mama yake alishusha karatasi.

"Mama alikata kile kizuri kuliko vyote, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Mimi nilikuwa na miaka sita. Tulikipakia kwenye kigari cha mtoto, na dada yangu mchanga akabebwa begani."

"Kiko wapi?" nikauliza, na tayari nilijua.

"Goli la msitu, hatua saba mbele, kidogo kushoto. Nilipofunga goli lile la kutupandisha daraja la juu, mwaka sabini na nane, mguu wangu wa kulia ulikuwa umesimama kwenye bustani ya mama yangu. Umeandika?"

Nimeandika. Akatazama nje akasema, "Lazima ni ukungu. Håvard anaijua kazi yake." Sijui alikuwa anamwambia nani.

Jumapili, 10 Juni

Siku mbaya. Wapinzani wetu Bjørnåsen walikuja na mabasi manne. Hao husema Tverrlia ni supu, maana jezi ni vitunguu na uwanja ni viazi, basi dakika tisini wanaimba "Supu iko wapi? Supu iko wapi?" na kugonga masufuria. Kwa kawaida hata sisi tunacheka.

Dakika ya themanini na moja walipiga mpira dhaifu, mpira wa kumpasia bibi. Kipa wetu alikuwa ameshainama kuuokota. Ukagonga ukingo wa kile kiraka, ukaruka juu ya bega lake, ukaingia. Moja bila. Wakaanza kuimba, "Pandeni viazi! Pandeni viazi!"

Baada ya mechi Kvam alisimama pembeni mwa uwanja na kumwambia Håvard mbele ya watu, "Klabu nyingine zina zulia la plastiki, kijani Januari hadi Desemba. Sisi tuna mtunza uwanja, na tuna jangwa."

"Litapona," Håvard akasema.

"Ulisema hivyo Mei."

Halafu mume wangu akapiga magoti kwenye kiraka, akabana udongo kwa vidole akauweka ulimini. Aliuonja kama mpishi. Akabaki amekunja uso, akitazama mbali. Mimi nilikuwa nimeshika kamba za uzio. Nyumbani alisugua meno mara mbili.

Jumamosi, 23 Juni

Mkesha wa Mtakatifu Yohana. Moto mkubwa ufukweni mwa ziwa, stroberi, kila mtu anaimba. Nikasema, "Håvard, kuna jambo." Akasema, "Nami nina jambo: nakupenda." Baada ya hapo mtu anasema nini?

Alhamisi, 12 Julai

Ligi imepumzika. Leo Håvard alipanda mlingoti wa taa, upande wa msitu, kubadilisha balbu mbili. Mimi nilishika ngazi ya chini, ingawa mlingoti una mita thelathini na kushika kwangu hakukusaidia chochote. Akakaa juu muda mrefu. Nikaita, "Umekwama?" Nikaita tena.

Aliposhuka uso wake ulikuwa mwekundu na macho yana maji. Akanikumbatia na mikanda yake yote ya usalama, vyuma vikanichoma mbavu, akanibusu mbele ya mafundi wawili wa umeme.

"Upepo," akasema, akifuta macho. "Huko juu upepo ni mkali."

Wanaume wana mambo.

Jumanne, 31 Julai

Tangu siku ya mlingoti anamwagilia kiraka asubuhi na jioni, maji mengi mno, kana kwamba anaosha nguo. Anapiga mluzi.

Ijumaa, 3 Agosti

Mvua.

Jumamosi, 4 Agosti

Mvua. Baba mkwe: mwaka 1978 hadi 1981, misimu mitatu ya daraja la juu. Kurasa tisa juu ya miaka mitatu, na nusu ukurasa juu ya ishirini na sita iliyofuata.

Jumapili, 19 Agosti

Mvua, na majani sita. Nimeyahesabu nikiwa nimepiga magoti. Majani sita ya nyasi katikati ya kiraka! Nililia kama mjinga.

Jumapili, 9 Septemba

Barua ya Kvam imebandikwa kila mlango. Mkutano mkuu wa dharura Oktoba 18: zulia la plastiki au nyasi. Na chini yake mstari mmoja: "Wanachama watapewa pia maelezo ya uzembe uliosababisha hali ya eneo la goli." Uzembe! Mtu anayeamka alfajiri kusikiliza barafu! Watu wanasema plastiki haihitaji mtunza uwanja, inahitaji trekta tu.

Jumapili, 30 Septemba

Leo kwenye chakula, kondoo na kabichi, Håvard akasema taratibu, "Kwenye mkutano nitasema nilizidisha mbolea."

"Ulizidisha?"

"Watu wanataka jina la mkosaji. Wakipata langu watatulia, halafu wataweza kupiga kura juu ya nyasi zenyewe."

"Wakikufukuza?"

Akaniongezea kabichi. "Kula, mpenzi."

Siwezi kuelewa. Mtu anajitia hatia ya kitu ambacho hakukifanya, na anayekijua amekaa mbele yake na mdomo umejaa kondoo.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nitaandika yote, hata yale ya aibu.

Nyumba ya klabu ilijaa hadi ngazini, watu mia moja thelathini na zaidi. Kahawa, wafli, harufu ya makoti yaliyolowa. Baba mkwe alikaa mstari wa mbele na ile orodha ya penseli magotini. Alisimama kwanza, akasoma nyumba zote sitini na nne, bila kuongeza neno, akakaa. Watu walikuwa wakiinua mikono waliposikia majina ya babu zao, kama watoto shuleni. Nikafikiri, tumeshinda.

Ndipo bibi Gunnvor akasimama na aproni yake. "Torgeir, umesoma vizuri. Lakini mimi naunga mkono plastiki." Ukumbi ukaguna. "Msinigunie! Nimefua matope ya uwanja huu miaka arobaini. Na wasichana wetu wanafanya mazoezi kwenye maegesho ya magari tangu Novemba hadi Aprili, kwa sababu nyasi ni za wakubwa na zinalindwa. Mama yako alitoa nyasi ili watoto wacheze, Torgeir. Hakutoa ili zitazamwe."

Baba mkwe aliinamia orodha yake.

Kvam akagonga meza. "Kabla ya kura, kuna suala la eneo la goli. Håvard, wanachama wanasubiri."

Mume wangu akasimama. Alikuwa amevaa sweta niliyomfumia, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. "Kosa ni langu," akasema. "Nilizidisha mbo..."

"Anadanganya!"

Kiti changu kilianguka. Nyuso zote zikageuka. Mdomo ulikwisha kufunguka na sikuweza tena kuufunga. Nikawaambia: msaragambo wa Machi, ndoo, pipa la kijivu, chumvi.

"Ulimwaga chumvi mbele ya goli," Kvam akasema polepole. "Kwa nini pale tu?"

"Nilikuwa nachora."

"Unachora nini?"

"Moyo."

"Moyo gani?"

"Moyo! Wa mapenzi! Kwani kuna aina ngapi?"

Halafu mtu mmoja nyuma akakohoa, mwingine akashindwa kujizuia, ukumbi mzima ukalipuka. Bibi Gunnvor alikuwa anapiga meza kwa kiganja. "Ulikuwa mkubwa kiasi gani, mwanangu?"

"Hatua kumi."

"Hatua kumi! Wangu mimi alinichorea mara moja tu, mwaka sitini na moja, kwenye ukungu wa dirisha, na ulifanana na kiazi!"

Sikucheka. Nilimgeukia Håvard nimwombe msamaha mbele ya wote, nikaona kwamba hashangai. Alikuwa ananitazama kama siku ile kanisani.

"Ulijua?" nikasema.

"Chumvi niliijua Juni, nilipoonja. Nikadhani ni mlevi fulani. Julai nikapanda mlingoti." Alikuwa anaongea na mimi tu, watu mia wakasikiliza. "Nikatazama chini. Kutoka pale chini ni kiraka, Ingunn. Kutoka juu ni moyo, una mabega mawili na ncha inaelekea dirisha letu la jikoni. Nani mwingine angefanya hivyo?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Baadaye nikaona hata usiponiambia, sawa. Mtu aliyeandikiwa barua ya hatua kumi hana cha kudai."

Hata Kvam alivua miwani akaipangusa. Akasema neno "uzembe" analifuta, na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba amelifuta, na kwamba mtunza uwanja atabaki mtunza uwanja, kura iende vyovyote.

Lakini baba mkwe alikuwa amesimama. Alikunja orodha yake, akaiweka mfukoni, akapita kati ya viti bila kunitazama, akatoka mvuani.

Kura: plastiki sabini na moja, nyasi sitini na nne. Sitini na nne, kama zile nyumba. Håvard alinishika mkono njia nzima. Nikamuuliza, "Ni mimi niliyewapa ushindi?" Akasema, "Ni wasichana wa maegesho. Na Gunnvor amesema kweli, ndiyo maana inauma."

Jumamosi, 20 Oktoba

Baba mkwe hakuja. Nilikaa mbele ya mashine ya kuchapa hadi saa sita.

Jumamosi, 27 Oktoba

Amekuja! Bila kubisha, na buti za matope, akasimama dirishani kama kawaida.

"Tumebakiza sura ya mwisho," akasema. "Andika. Mwaka 2007, masika, nyasi zilikufa mbele ya goli la upande wa msitu, kwa sababu ya chumvi, na kwa sababu ya mapenzi."

Vidole vyangu havikusogea.

"Andika, ndiyo historia yenyewe. Na usiweke alama ya mshangao, nakujua."

Nikaandika, bila alama. Nikasema, "Ulitoka mkutanoni kwa hasira."

"Nilikwenda kwa mama. Nikasimama pale, hatua saba na kidogo kushoto, nikamweleza." Akafuta kioo kwa mkono wa koti. "Alikuwa mtu wa kucheka sana, mama. Angekupenda. Sasa endelea, aya mpya."

Jumapili, 4 Novemba

Mechi ya mwisho kwenye nyasi. Tulishinda mbili moja, tumemaliza nafasi ya tisa, nafasi yetu ya miaka yote. Refa alipopuliza filimbi hakuna aliyeondoka.

Hilo lilikuwa wazo la baba mkwe. Alisimama katikati na orodha, akaanza kuita nyumba. Kila nyumba iliyotoa kipande mwaka 1949 ilikuja kuchukua kipande chake, au mjukuu wake alikuja, au waliohamia nyumba ile baadaye, maana alisema nyasi hazijali jina la ukoo. Majembe, toroli, masanduku ya matunda, mifuko ya duka. Kvam alibeba chake kwenye koti lake zuri. Håvard alikata kila kimoja mwenyewe, mita kwa mita, wima, bila kuchana mizizi. Sikuweza kuona kama analia kwa sababu alikuwa ameinama.

Mwisho kabisa likaitwa jina la mama yake Torgeir. Baba mkwe akaenda hatua saba, kidogo kushoto. Pale pana nyasi changa sasa, nyembamba, unaona udongo katikati yake, lakini ni nyasi. Akakata mwenyewe. Na alileta nini cha kubebea? Kigari cha mtoto! Kile kile, magurudumu yanalia kama paka.

Nilidhani anakipeleka kipande kwake. Akavuka barabara, nasi nyuma yake, akafika kwenye kibustani chetu chini ya dirisha la jikoni, chenye upana wa meza mbili. Akapiga magoti, akakilaza, akakipigapiga kwa viganja kama anayemlaza mtoto.

"Haya," akamwambia Håvard, "sasa mke mkubwa amehamia nyumbani." Halafu akanigeukia mimi. "Mtaishi vizuri nyie wawili. Ila wewe, binti yangu, usimkaribie na ndoo."

Binti yangu.

Jumamosi, 10 Novemba

Theluji ya kwanza. Ng'ambo ya barabara mashine zimeanza kuchimba, na Håvard amekwenda kusomea jinsi ya kuchana nyuzi za plastiki, anasema itakuwa kama kumchana mwanasesere nywele, lakini wasichana tayari wamemwomba wawe wa kwanza kuukanyaga uwanja na amekubali.

Baba mkwe amepita na kitabu, bado kina harufu ya wino, na ndoo ya mchanga mweusi kwa ajili ya theluji ya kibustani chetu masika ikija. Ameniwekea mlangoni, akasimama kunitazama.

Nimebana mchanga kwa vidole viwili. Nimeuonja kwanza.